Yusef Lateef na Zumari Iliyonidanganya

Jumamosi, baada ya Isha.

Mara ya kwanza nilipomsikia Yusef Lateef nilidhani nasikia zumari. Tulikuwa barazani kwa rafiki yangu hapa Tanga, umeme umekatika, na simu yake alikuwa ameisimamisha ndani ya bakuli tupu ili sauti ipate nguvu. Piano ilitangulia ikitembea taratibu, kisha ikaingia sauti nyembamba, kali, yenye kulalamikia puani, sauti ambayo mtoto wa pwani aliyewahi kuifuata ngoma ya harusi huijua kabla hajajua kusoma. Nikauliza kama mpigaji ni mtu wa Vanga au wa Pangani. Rafiki yangu alicheka mpaka chai ikampalia, halafu akanieleza kwamba mpigaji ni Mmarekani mweusi wa Detroit, kwamba ala ile ni oboi, na kwamba mtu huyo hasa alijulikana kwa saksafoni na filimbi.

Nimelikumbuka kosa lile wiki hii kwa sababu nimeanza kujifunza filimbi nikiwa na miaka 46. Kwanza nilikwenda mahali fulani panapofundishwa muziki, na dada aliyekuwa mezani, baada ya kuzitazama mvi zangu, aliniambia kwa upole kwamba kozi ile wameikusudia kwa ajili ya vijana. Sikubishana naye. Nilirudi nyumbani, nikaketi, nikaanza kuihesabu miaka ya Lateef kwa vidole, na hesabu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1920 mjini Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, akiitwa William Emanuel Huddleston. Alikuwa na miaka mitano wazazi wake walipohamia Detroit, na huko baba yake akabadili jina la ukoo kuwa Evans. Saksafoni yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 18, umri ambao mwalimu mkali angesema gari limekwisha kuondoka, na haukupita muda mrefu akawa safarini na bendi. Mwaka 1949 alikuwa ndani ya bendi kubwa ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, mahali ambapo wengi wangefika na kutulia. Yeye hakutulia, na wala si kwa kupenda: mwaka uliofuata mkewe aliugua, naye akarejea Detroit.

Kwa macho ya wanaopima maisha ya mwanamuziki kwa majina ya kumbi, kurudi kule kulikuwa kushuka. Mimi naona ndiko kulikomtengeneza. Alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Wayne kusoma utunzi na filimbi, baada ya mpiga gitaa Kenny Burrell kumshauri aishike ala hiyo, hivyo filimbi iliyokuja kumpa sifa duniani kote aliianza akiwa mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye familia. Wakati huohuo alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Chrysler. Ni pale kiwandani, kati ya watu wa zamu, alipokutana na Msyria aliyemweleza habari za rababu, ala ya nyuzi ya Waarabu. Msyria yule akatengeneza moja, na rababu ikaingia katika bendi ya Lateef mikononi mwa mpiga besi wake, Ernie Farrow. Watu wengi huandika kwamba Lateef aliutafuta muziki wa Mashariki, na mtu akisoma hivyo hufikiri habari za meli na misafara. Kumbe mlango wa kwanza ulifunguliwa na mfanyakazi mwenzake.

Jina la Yusef Lateef alilichukua miaka hiyohiyo, aliposilimu kupitia Jumuiya ya Ahmadiyya, kama walivyofanya wanamuziki wengine kadhaa wa Marekani wa wakati ule. Jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyotoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953, na mmoja wa watu wake huku kwetu alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Nayataja haya kwa sababu tu yananipendeza: Detroit na Dar es Salaam, mpuliza saksafoni na mtunga mashairi, wote wawili wakiswali chini ya uongozi mmoja bila kujuana. Neno latifu tunalo na sisi, na maana yake ni ileile, mpole. Lateef alikuwa mtu wa kimo kirefu, na tawasifu yake ya mwaka 2006 inamwita jitu pole.

Kuanzia mwaka 1957 alirekodi kwa kampuni ya santuri ya Savoy, huku akiendelea kuongoza bendi yake katika ukumbi wa Klein's Show Bar mjini Detroit. Siku ya mapumziko waliitumia kusafiri hadi New Jersey kurekodi, kisha wakarudi kuwahi kazi. Mwaka 1958, saksafoni na filimbi zikiwa tayari zinamlisha, akamwendea mwanamuziki wa Orkestra ya Simfoni ya Detroit, Ronald Odemark, amfundishe oboi. Alikuwa anakaribia miaka 38. Mwaka 1960 akahamia New York.

Santuri niliyoisikia barazani ilirekodiwa tarehe 5 Septemba 1961 katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, na inaitwa Eastern Sounds. Piano ni ya Barry Harris, ngoma ni za Lex Humphries, besi na rababu ni za Farrow. Muziki ulionidanganya ni ule wa mapenzi kutoka filamu ya Spartacus, ambao Lateef aliupiga kwa oboi. Katika santuri hiyohiyo anapiga saksafoni ya tena, anapiga filimbi, na katika kipande cha kwanza anapiga ala ya udongo ya Kichina yenye umbo la yai, ambayo mtu huishika kwa mikono miwili na kuipuliza juu. Ala hiyo ina noti chache tu. Yeye anazirudia zilezile, anaziweka mahali tofauti kila mara, na Barry Harris anazunguka kandokando yake bila kumwingilia. Nimeisikiliza mara nyingi mno wiki hii, na bado sijapata mahali ambapo natamani angekuwa na noti nyingine zaidi.

Kabla sijaishika filimbi nilizihesabu ala zake kama mtu anavyohesabu vyombo kabatini. Sasa naziona kwa namna nyingine, kwa sababu kila moja inataka kifua chako kifanye jambo tofauti. Filimbi haina ulimi. Unapuliza ukingo wa tundu kama mtoto anavyopuliza mdomo wa chupa ya soda, na sehemu kubwa ya pumzi hupotea hewani bila kutoa sauti yoyote. Somo langu la kwanza lilikuwa dakika 20 za kichwa cha filimbi pekee, bila kiwiliwili, bila tundu la kidole hata moja. Midomo iliniwasha, vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi, na nilipopata sauti moja safi ilidumu kwa muda wa kutamka Bismillahi, kisha ikavunjika ikawa upepo mtupu. Oboi, kwa nilivyoelezwa na mwalimu wangu, ni kinyume chake. Ina vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu masikio yangu yaliifananisha na zumari, kwa kuwa zumari nayo hulia kwa ndimi mbili zinazogongana. Upenyo kati ya vipande hivyo ni mwembamba kiasi kwamba hewa haipiti ya kutosha. Mpigaji hufika mwisho wa fungu la noti kifua kikiwa bado kimejaa hewa iliyochakaa, na hulazimika kuitoa kwanza ndipo avute nyingine. Anayepiga filimbi huishiwa, anayepiga oboi hujaa. Saksafoni, yenye tete moja, inakaa katikati, na huyu bwana alizibadilisha zote tatu katika usiku mmoja, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Kati ya 1962 na 1964 alikuwa katika bendi ya watu sita ya mpuliza saksafoni Cannonball Adderley, na kwa mashabiki wengi hicho ndicho kilele chake. Mimi nina neno. Napenda anavyoikatiza furaha ya bendi ile kwa oboi yenye huzuni, hasa katika utunzi wake Brother John, aliomtungia mpuliza saksafoni mwenzake John Coltrane, lakini kwa sehemu kubwa namsikia kama mgeni mwenye adabu katika nyumba ya watu. Urafiki wake na Coltrane ndio ulio na uzito zaidi kwangu. Coltrane alimpa mchoro alioufanya kwa mkono wake, duara la noti zilizounganishwa kwa mistari, na Lateef akalichapisha duara hilo katika kitabu chake cha skeli, yaani ngazi za noti, na ruwaza za melodia cha mwaka 1981. Nimeiona picha yake. Inafanana na hesabu za falaki ambazo babu yangu alikuwa akizichora nyuma ya kalenda.

Kisha inakuja ile sehemu ya hesabu iliyoninyima usingizi. Mwaka 1969, mtu aliyekwisha kutoa santuri nyingi na kuzunguka nchi kadhaa alipokea shahada ya kwanza ya filimbi kutoka Chuo cha Muziki cha Manhattan, akiwa na miaka 48. Mwaka 1970 akapata ya uzamili katika elimu ya muziki. Mwaka 1975 alihitimu udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kwa tasnifu iliyolinganisha elimu ya Magharibi na elimu ya Kiislamu. Na mwaka 1981, akiwa na miaka 60, alikwenda Zaria, kaskazini mwa Nigeria, akakaa hadi 1985 kama mtafiti mwandamizi katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akichunguza sarewa, filimbi ya Wafulani. Nimejaribu kumfikiria dada wa pale mezani akimpokea yeye. Daktari mzima, mwenye jina kubwa, amekuja kujifunza filimbi ya wachungaji.

Miaka hiyo ya 1980 ndiyo aliyoacha pia kupiga katika kumbi zinazouza pombe, uamuzi ambao kwa mpuliza saksafoni wa Marekani ulikuwa sawa na mvuvi kuapa hatakanyaga pwani. Hata hivyo kazi haikukatika. Mwaka 1987 ilitoka Little Symphony, ambamo sehemu zote alizipiga yeye mwenyewe, na ikamletea tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa kutuliza nafsi, ule Waingereza wauitao New Age. Nakiri kwamba kazi hii hainishiki. Mtu anayejibizana na nafsi yake studioni hakosi usahihi, lakini simsikii Barry Harris wa kumzunguka. Baadhi ya santuri zake za miaka ya 1970, zenye magitaa ya umeme na midundo ya disko, nazipita haraka zaidi.

Neno jazi lenyewe hakulitaka. Alisema lina maana chafu katika kamusi, na kwamba yeye anapiga muziki utokao katika mwili, akili na roho, akaubunia jina refu la Kigiriki ambalo sijafaulu kulitamka mara mbili mfululizo. Nilipolisoma jambo hili nilimkumbuka marehemu baba. Kwake yeye neno hilo lilikuwa na maana moja tu: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, yaani magitaa, rumba, na saksafoni ambayo watu wa dansi waliita mdomo wa bata. Laiti ningemwekea kipande cha Lateef cha mwaka 1961, angesikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha angeuliza jazi yenyewe inaanza saa ngapi. Wawili hao, kila mmoja kwa sababu zake, wangekubaliana kwamba ile haikuwa jazi.

Mwaka 2010 taifa lake lilimtunuku heshima ya Jazz Master, yaani Bingwa wa Jazi, kwa neno lilelile alilolikataa, naye akaipokea. Alifariki tarehe 23 Desemba 2013 nyumbani kwake Shutesbury, Massachusetts, akiwa na miaka 93, na miaka yake ya mwisho alikuwa bado anapanda jukwaani.

Ni saa tano kasoro usiku na jirani amekwisha kuzima redio. Nimepuliza kichwa cha filimbi mara 30, kwa hesabu ya tasbihi, na sauti safi zimekuwa 11. Jana zilikuwa 7. Mtoto wa nyumba ya pili aliniuliza jioni, kupitia uani, kama birika letu limeharibika, nami nikamwambia ndiyo. Kesho saa kumi na moja jioni nina somo. Mwalimu wangu, kijana wa miaka 25 anayeniita mzee wangu na kunisahihisha midomo kwa ncha ya kalamu, ameagiza niende na kile kichwa peke yake, vipande vingine nivifungie kabatini.