Spidi tumepata, kuzima data hatujaacha

Wiki hii nimekua nasoma sana habari za Korea Kusini, walivyotoka kwenye intaneti ya dayalapu wakaingia brodibendi, yani intaneti ya kasi, na kila nikisoma najikuta nawaza hapa kwetu Mwanza. Wengi wakisimulia yale mabadiliko wanasimulia spidi tu. Spidi ni kweli, ila sisi tuliokaa kwenye intaneti kafe za mjini enzi zile tunajua kilichokua kinatubana zaidi ni saa.

Wadogo zangu hawaijui hiyo dayalapu. Modemu ilikua inapiga simu kabisa kupitia laini ya mezani, unaisikia inalia inakoroma mpaka ishikane na upande wa pili, na ikishashika basi simu ya ofisi haiingii wala haitoki maana data imekaa kwenye njia ile ile ya sauti. Modemu nzuri kabisa iliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde na zote hukuzipata. Piga hesabu, wimbo wa MB 5 ni kama dakika 12 mambo yakiwa yamekaa vizuri, na dakika zote hizo zinalipiwa. Kwa hiyo barua pepe unaiandika kwenye daftari nyumbani kwanza, unafika kafe unalipia nusu saa, unachapa haraka haraka, unatuma, unaondoka. Kusoma kitu taratibu, au kuanza na jambo moja ukajikuta umefika kwenye jingine kabisa ukalipenda, hiyo haikuwepo. Dada aliyekua anashika saa pale alikua mpole sana lakini muda ni muda, "kaka zako zimeisha, uongeze?"

Hata madishi ya setilaiti yalipokuja hiyo haikuondoka. Ile setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu, ombi lako lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke, karibu nusu sekunde imeenda kabla hujaona chochote, af kompyuta zote za kafe mnagawana dishi moja.

Sasa wenzetu. 1998 kampuni ya Thrunet ilianza kuuza intaneti kupitia nyaya za televisheni, 1999 Hanaro wakaja na ADSL, Korea Telecom nao wakaingia kwa nguvu. ADSL inatumia waya ule ule wa shaba wa simu, ila inapita kwenye masafa ya juu kuliko sauti, kwa hiyo bibi anaongea na simu na mjukuu yuko mtandaoni saa hiyo hiyo. Tatizo lake ni umbali, ukikaa mbali na kituo cha simu spidi inashuka. Hapo ndo kubanana kukawabeba! Familia nyingi kule zinaishi maghorofani, ukifikisha waya kwenye jengo moja umefikia mamia ya nyumba kwa mara moja, na mwaka huo huo wa 1999 serikali yao ikaanza kuyapa majengo vyeti kulingana na nyaya zilizomo. Mpaka mwisho wa 2002 laini za brodibendi zilikua zimepita milioni 10, nchi ya watu kama milioni 48. Na malipo ni ya mwezi, ukishalipa unaiacha wazi usiku na mchana hakuna anayekuhesabia. Hicho ndo ninachokitamani mimi kuliko ile spidi yao. Watu wa kanda ya ziwa mtanielewa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 nani bado anapanga safari ya Sengerema huku anawaza pantoni?

Sisi waya wa shaba majumbani tuliuruka. Mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulianza kazi Dar Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, Mkongo wa Taifa ukaleta huduma mikoani, na wengi wetu brodibendi tuliikuta kwenye simu ya mkononi. Nashukuru kwa hilo, sana. Ila saa ya kafe haikufa, iligeuka ikawa MB. Juzi naongea na mama kwa video, yuko Ukerewe, stori imenoga kabisa, ghafla "haya mwanangu, ngoja nizime data isije ikaisha", na mi bila hata kufikiria nikazima yangu. Mtoto wa dada yangu yuko fomu tatu, anadaunilodi notsi za baiolojia af anazima data ndo anasoma, akikutana na neno halijui halitafuti, anaruka. Ni mtoto mwenye akili na maswali mengi, na yale maswali yanaishia pale pale, hii inaniuma kuliko nnavyoweza kueleza.

Af kuna hii kauli naisikia kila siku kwamba huku milimani Mwanza kumebanana mno ndo maana faiba, ule waya wa intaneti ya kasi, haipandi. Mi nakataa. Sensa ya 2022 mkoa wetu tuko milioni 3.7, karibu watu 400 kwa kilomita ya mraba, Korea ni kama 500, yani hatujaachana sana. Simama chini ya mitaa ya milimani kama Mabatini au Igogo uangalie nyumba zilivyoshikana, mita chache za waya unagusa familia ngapi? Ni kweli wao wana ghorofa sisi tuna mawe, na kwenye mwamba huwezi kuchimba mtaro. Lakini umeme ulipandaje? Kwa nguzo, na nguzo zipo.

Hapa tunapopanga ni Igogo, faiba imeshafika barabarani chini. Nimemuuliza fundi, anasema tukikubaliana wapangaji tunaweza kuvuta laini moja mpaka ndani ya uzio tukachangia kwa mwezi, kila mlango sehemu yake, hakuna bando. Mama mwenye nyumba nilimfuata jana jioni, shikamoo mama, nikamweleza yote, akaniuliza kama ukuta utatobolewa, nikamwambia tundu moja dogo, akakubali. Wapangaji karibu wote wameandika majina, kabaki baba Neema wa chumba cha nyuma kabisa, yeye anasema atachanga kama waifai itamfikia, na ana haki. Kwa hiyo kesho nikitoka kazini natafuta futi nipime kutoka sebuleni mpaka mlangoni kwake, ikibidi tunanunua ruta ya pili.