Hasi moja na robo tatu inakaa wapi?

Chukua mtoto wa darasa la saba au fomu wani, mchoree mstari wa namba, mwambie aweke -1¾. Wengi wataenda kwenye -1 vizuri tu, wakifika pale wanageukia kulia kama wanarudi sifuri, wanahesabu robo tatu, wanaweka nukta kwenye -¼. Ukimuuliza anakujibu bila wasiwasi, "mwalimu, si ni hasi moja afu unaongeza robo tatu?" Na ukimsikiliza vizuri dogo kafikiria kabisa, ila hakuna aliyemwambia kwamba ile alama ya hasi imebeba vyote viwili, moja na robo tatu yake. Unatoka sifuri unaenda kushoto moja, afu unaendelea hukohuko kushoto robo tatu nyingine. Hakuna kugeuka njiani.

Nafundisha twisheni jioni na hili naliona kila mwaka, pamoja na ndugu yake ambaye ni vile vistari. Mwambie mtoto agawe kati ya 0 na 1 kwa robo, anachora vistari vinne katikati, kwa sababu robo ni nne si ndiyo? Sasa vistari vinne katikati vinatoa nafasi tano, kwa hiyo alichokipata pale ni sehemu za tano. Huwa sisemi kitu, namwambia weka kidole kwenye sifuri, ruka nafasi mojamoja kwa sauti mpaka ufike 1. Anaruka, moja, mbili, tatu, nne... anasimama, anaangalia daftari, afu anaanza kufuta kistari kimoja mwenyewe. Akifuta tu bila kupanga upya nafasi zinabaki hazilingani, hiyo nayo ni vita nyingine.

Ndo maana siku hizi kuchora kwa macho nimekukataa. Tunatumia daftari la kawaida la mistari, unaligeuza kwa ubavu ili mistari isimame wima, unapiga mstari mmoja mrefu kwa rula unaoikata yote, basi vistari unavyo tayari na vyote vinalingana. Chagua mmoja wa katikati uwe sifuri, hesabu nafasi 12 kwenda kulia hapo ndo 1, nafasi 12 kushoto hapo ndo -1 (mistari ikiisha ongezea kwa rula kwenye ile sehemu tupu ya juu). Kwa nini 12? Kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, hivyo nusu ni nafasi 6, theluthi nafasi 4, robo nafasi 3. Sasa muulize ipi ndogo, -⅔ au -¾. Moja iko nafasi 8 kushoto, nyingine 9, anaona kwa macho yake kwamba -¾ iko kushoto zaidi kwa hiyo ndo ndogo. Hata ⅔ + (-¾) anaifanya kwa kidole, nane kulia, tisa kurudi kushoto, anatua kwenye -1/12. KDS (kigawe kidogo cha shirika) itakuja baadaye na akikutana nayo atajua ile 12 inatoka wapi.

Kuna kitu kinaniudhi lakini, ule wimbo wa "hasi na hasi ni chanya". Watoto wanaimbishwa mapema mno, matokeo yake -2 + (-3) wanaandika 5 na wanaapa kabisa. Wimbo ule ni wa kuzidisha na kugawanya jamani! Kwenye mstari simama kwenye -2, nenda kushoto tatu, uko -5, hakuna cha kuimba.

Wakishazoea nausimamisha mstari uwe wima, sifuri iwe usawa wa bahari, kila hatua kilomita moja. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895 kwa hiyo kinagusa 6 kasoro kidogo. Ziwa Tanganyika, maji yake ya juu yako kama mita 770, yaani juu ya ¾ kidogo tu, ila kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470, sasa toa. Sakafu ya ziwa iko kwenye -700, yaani -7/10 ya kilomita, chini ya usawa wa bahari na bahari yenyewe iko mbali huko. Hapo darasa linalipuka, kuna mmoja lazima aulize mbona bahari haiingii, na mwenzake anamjibu itaingiaje wakati njia nzima ni nchi kavu iliyo juu.

Kazi ya nyumbani huwa nawapa Ziwa Nyasa, maji ya juu kama mita 470, kina kama mita 700. Sakafu yake iko juu ya -¼ ya kilomita au chini yake? Na wazazi mnaruhusiwa kujibu.