Feri ya saa tisa usiku

Juzi mwanangu alikuwa na kazi ya shule kuhusu Katiba ya Kenya. Akafika Kifungu cha 26, pale panaposema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Akainua kichwa.

"Mama, dharura ni ipi hasa?"

Nikaenda kufunua sufuria ya wali.

Ilikuwa Julai 2010, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya kuipitisha Katiba hiyo. Redio ya mjomba haikuwa na jingine: kijani Ndiyo, nyekundu Hapana, na viongozi wa makanisa wakikipinga kifungu hicho hicho. Dada Mwaka alikuwa amejilaza chumbani, eti tumbo la mwezi. Magharibi ndipo akaniambia kweli. Alikunywa dawa aliyopewa na mwanamke fulani ng'ambo.

Sheria niliijua kwa miaka yake tu: 7 kwa mwanamke mwenyewe, 14 kwa anayemtoa mimba, 3 kwa anayempa dawa. Nikaona nikiita tuktuk nampeleka jela. Basi nikawa nambadilishia vitambaa, saa baada ya saa, hadi midomo yake ikapauka.

Tulivuka Likoni na feri ya saa tisa. Alikuwa amejifunga leso mbili, mkono wake umenikamata kifundo mpaka kucha zikaingia. Kila akiinua mguu, ndara ilikuwa inanata kwenye wayo, kisha inaachia. Sauti ile ndogo niliisikia kuliko injini. Karibu nasi palikuwa na mama mmoja anayekwenda soko la Kongowea na magunia yake matupu. Alitazama chini, akatazama uso wa Mwaka. Hakuuliza kitu. Akakunja yale magunia, akamkalisha, akavua leso yake ya begani akamfunika miguu. Tulipogusa ng'ambo akamwinua upande mmoja, mimi mwingine, tukapanda ule mteremko. Jina lake sikulipata. Leso sikuirudisha.

Hospitali nikasema ameanguka ngazini. Nesi, mtu mzima, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mimi si askari. Niambie alichokunywa nijue pa kuanzia."

Mwaka akajibu mwenyewe. Alilazwa siku 6. Nyumbani tulisema malaria.

Mwezi uliofuata nilipiga kura yangu ya kwanza, Ndiyo, na niliamini hofu ile imekwisha. Kisha mwaka 2019, Katiba ikiwa na miaka 9, polisi waliingia kliniki moja huko Ganze, si mbali na kwetu, wakamkamata msichana wa shule pamoja na mhudumu aliyemtibu. Niliposoma habari ile nilijiona tena chumbani na vitambaa. Je, ningekuwa na dada mwingine, usiku kama ule ningempeleka hospitali mapema zaidi? Sijui.

Mwanangu alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi. Nikatoka uani nimpigie Dada Mwaka, nimuombe ruhusa nisimulie. Kwa miaka yote hii hatujalitaja.

"Nambie, mdogo wangu," akasema.

Nikamuuliza habari za mvua.