Dada wa chai

Yule mama wa Kariakoo bado ananizunguka kichwani. Sare nimeshafua, usingizi nimeshalipia, na bado nikisimama kwenye sinki najikuta namjibu. Majibu mazuri kweli kweli, ila yamechelewa.

Ilikuwa Guangzhou, kule China, jioni, mitaa ya Xiaobei. Mnaonifuata siku zote mnajua kwamba sisi wahudumu wa ndege tukilala kule, mimi hotelini sikaliki. Intaneti ya hoteli haifungui hata WhatsApp, sasa nikae nitazame dari? Nikishaoga napanda treni ya chini ya ardhi hadi Xiaobei, maana ndiko unapokutana na Mkongo, Mnigeria, Mmali na watu wetu wa Dar wakiburuta mabegi ya nailoni yaliyozungushiwa selotepu mpaka hayana sura. Nilikuwa nje ya jengo la Tianxiu, namtafutia mdogo wangu kava la simu, nikasikia nyuma yangu:

"Wewe si yule dada wa chai?"

Kugeuka, mama wa makamo, ushungi wa zambarau, uso unacheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekujua kwa huo mwanya. Tulivyokuja ulinipa chai mara mbili, mwenzio alininyima."

Tukacheka. Mpaka hapo raha tupu. Kisha akanishika mkono, akanivuta pembeni, sauti ikashuka. Kwenye kazi hii sauti ya abiria ikishuka ujue kuna mzigo.

"Kuna kaboksi kadogo tu, mwanangu. Nyie si hamsumbuliwi na mzani? Dar kuna mtu wangu atakupokea hapo hapo nje."

"Ndani kuna nini, mama?"

"Vitu vidogo vidogo. Vya simu."

Vya simu! Nikaona pawabenki zimejipanga humo kama dagaa kwenye fungu. Betri ya lithiamu ikishika joto inajilisha yenyewe: unazima moto, unageuka, imewaka tena, inabidi uendelee kuimwagia maji mpaka ipoe. Ndiyo maana abiria anaambiwa abebe yake mkononi, iwe karibu na sisi, isiingie kwenye mizigo ya chini ambako hakuna wa kuifikia. Na mhudumu kubebea mtu kaboksi lililofungwa, hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama yangu, hapo kibarua changu kitaota nyasi."

Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Haya. Nilidhani nimepata mtu. Kumbe dada wa chai tu."

Akaondoka na begi lake, kimoja cha vigurudumu kimekufa, kinakwaruza lami kwaa, kwaa, kwaa mpaka kona.

Hiyo ndiyo wiki ambayo dada kajifungua dume la kilo tatu na nusu na mimi nimefaulu mtihani wa usalama wa mwaka, lakini ninachokiona ni ule mgongo ukiondoka. Nilumbe basi, maana nisipolumba hapa nitalumba wapi? Mama, ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuanza kazi mpaka ithibitike kwamba watu wote waliojaa humo wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu tu ya milango. Milango hiyo anaifungua nani? Mtoto wako akipaliwa na karanga juu ya Bahari ya Hindi, daktari yuko wapi? Moshi ukitoka chooni, nani anakimbilia kule wenzake wanakotoka? Na hiyo chai yenyewe, ulishajaribu kumimina chai ya moto huku sakafu inapanda na kushuka, mtu wa dirishani kalala, wa njiani katoa kiwiko?

Nimeandika hivyo nikahisi nafuu kidogo. Kidogo.

Asubuhi yake, saa mbili za kule, huku kwetu saa tisa usiku, nikaingia nyumba ya chai. Wazee wa Guangzhou wanaianza siku na chai, meza nzima, magazeti, vikapu vya mianzi vinatoa mvuke. Chakula sikukiamini, nikabaki na birika langu. Meza ya jirani babu mmoja alikuwa anawamiminia wenzake, na kila kikombe kikijaa mwenyewe anagonga meza kwa vidole viwili, tap tap, mazungumzo hayakatiki. Ndiyo asante yao. Wanasimulia kwamba ilianzia kwa mfalme Qianlong aliyesafiri kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake. Wakashindwa kumsujudia asijulikane, wakasujudu kwa vidole. Iwe kweli au porojo, nimeipenda. Mfalme mzima kashika birika! Nikafunua kifuniko cha langu nikakiacha upande, wakaja kuongeza maji ya moto bila kuulizwa. Nikagonga meza. Yule dada hata hakunitazama, alishakwenda meza nyingine.

Usiku kwenye ndege, nani yuko kiti cha njiani, nyuma, upande wangu? Ushungi wa zambarau.

"Chai au kahawa, mama?"

Akalitazama toroli, akalitazama birika. Akafikiri sana.

"Maji."

Jirani yake akaomba chai, sukari mbili. Mama akakisindikiza kikombe kwa macho mpaka kikatua. Nilipofika nyuma ya pazia nikacheka mpaka msimamizi wetu akadhani nalia.

Bado haijaisha. Tumefika Dar, tumesimama mlangoni kuaga, mimi na kijana wetu mpya ambaye hata kofia ya sare bado inamshinda. Mama kanipita kimya, kafika kwake, kampa mikono yote miwili: "Ahsante sana rubani, umetushusha salama." Na yeye, mjinga yule, "Karibu tena mama." Kaboksi sijui kalipitia wapi.

Mama yangu yuko kwa dada, anamwangalia mzazi. Juzi shemeji kaingia, mama kamkaribisha kwa jina la jirani, mpaka shemeji alipoitikia ndipo akajirekebisha. Anasema ni taa ya sebuleni. Taa ile nimeibadilisha mimi mwenyewe mwezi uliopita. Kliniki ya macho ni Alhamisi, hataki kwenda na mtu mwingine, na mimi ratiba yangu haijatoka, na kwa jinsi nilivyowaomba wenzangu kubadilishana zamu mwaka huu sijui nianze na nani.