Watano Mbele, Bendera Kisogoni

Kazi yangu haionekani kwenye televisheni mpaka niiharibu. Nacheza futiboli ya Kimarekani katika ligi ya NFL. Mimi ni gadi wa kulia, mmoja wa wale watano wa mstari wa mbele wanaomkinga kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Kanuni hazituruhusu hata kudaka pasi, labda mmoja wetu ajitambulishe kwanza kwa mwamuzi.

Mtoano ndio unaoonyesha kama watano hao ni kitu kimoja. Tangu msimu wa 2020 huingia timu 14, saba kutoka kila upande wa ligi, AFC na NFC, na kinara wa kila upande hupumzika raundi ya kwanza. Sisi wengine tunacheza. Hakuna marudiano: ukifungwa, kesho yake unafungasha virago.

Ugenini kelele huwa kubwa hata hatusikii hesabu ya kwotabeki inayotuambia lini tuanze. Basi mimi hugeuka kumtazama kwotabeki. Akiinua mguu, namgusa senta, mwenzetu wa katikati anayeutoa mpira. Senta anatikisa kichwa, mpira unatoka, sote tunaondoka. Nikichelewa kidogo tu, wenzangu wa pembeni wanaumia kwa kosa ambalo si lao. Hapo umaarufu haukusaidii kitu.

Mwaka 2022 ligi iliruhusu wachezaji kubandika bendera za asili zao nyuma ya kofia. Nilichagua ya Kenya bila kufikiri mara mbili. Mkenya Daniel Adongo alikuwa ametangulia, akitoka kwenye raga hadi timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013.

Baba naye ni mtu wa raga. Hadi leo haelewi kwa nini tunasimama kila baada ya sekunde chache. Jumapili atakuwa jukwaani, na ameahidi kutonipigia kelele za maelekezo. Simwamini.