Madirisha Mawili, Daftari Moja: Kupanga Malango ya iSCSI

Ofisi ninayoihudumia hapa Tanga ina sanduku la diski lililofungwa katika chumba kidogo, chini ya kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa. Sanduku hilo huipa seva ya hesabu nafasi ya kuhifadhi kwa itifaki ya iSCSI, ambayo huchukua amri za diski na kuzisafirisha juu ya mtandao wa kawaida wa TCP/IP. Kwa kuwa nakala za usiku zilikuwa hazimaliziki mpaka watu wanaingia kazini, nilichomeka kebo ya pili kati ya vifaa hivyo viwili, nikitaraji kikao kimoja, yaani mazungumzo ya seva na sanduku tangu yanapofunguliwa hadi yanapofungwa, kitumie miunganisho miwili kwa pamoja. Siku tatu baadaye mhasibu wetu, dada aliyenizidi umri, alichungulia mlangoni baada ya salamu akaniuliza, "Hivi kaka, hii kebo ya buluu inafanya kazi, au umetuwekea pambo?" Taa ya kebo hiyo ilikuwa imetulia tuli. Sikuwa na la kumjibu.

Kumbukumbu za sanduku zilionyesha kwamba muunganisho wa pili ulikuwa ukikataliwa kwa hali 0206, yaani miunganisho imezidi kiwango. Hilo lilikuwa jepesi: thamani ya MaxConnections, yaani kikomo cha miunganisho katika kikao, isipoguswa huwa 1, na pande mbili zinapopatana hushika ile iliyo ndogo, kwa hiyo kuipandisha upande mmoja tu ni kazi bure. Nilipoweka 2 pande zote, jibu likageuka kuwa 020a: kikao hakipo. Nilishangaa, maana kikao chenyewe nilikuwa nakitazama, kiko wazi tangu asubuhi na kinaandika.

Jibu lilikuwa katika orodha ambayo sanduku hurudisha seva inapouliza anwani zake:

10.10.1.5:3260,1
10.10.2.5:3260,2

Inatangulia anwani, inafuata porti, na 3260 ndiyo iliyotengewa iSCSI. Namba iliyo baada ya mkato nilikuwa nimezoea kuiruka kwa macho. Hiyo ni lebo ya kundi la malango, lango likiwa ni anwani pamoja na porti yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyeyatia malango haya mawili katika makundi mawili, kwa kudhani kwamba kila mtandao mdogo unastahili kundi lake.

Mwenye kununua kwa mkopo katika maduka ya Ngamiani ataelewa kosa langu mara moja. Duka moja la kona linaweza kuwa na madirisha mawili, kila moja likitazama barabara yake, na muuzaji akawa na daftari moja la madeni. Ukiandikiwa sukari dirisha hili, waweza kuongeza mchele dirisha lile katika hesabu ile ile. Lakini tajiri huyo huyo akiwa na duka jingine lenye bidhaa zile zile na daftari lake, huko itabidi ufungue hesabu mpya, hata kama jina lililo juu ya mlango ni lile lile. Waraka wa kanuni za iSCSI, RFC 3720 wa mwaka 2004, na RFC 7143 uliochukua nafasi yake mwaka 2014, unaliona kundi la malango hivyo hivyo: ni malango yanayoweza kwa pamoja kuendesha kikao kimoja ambacho miunganisho yake imetawanyika juu yao. Waraka haudai yawe mtandao mmoja wala kadi moja.

Daftari la kikao nalo lina mengi ya kutunzwa. Seva hukitambulisha kikao kwa namba yake ya biti 48, sanduku hukipa namba yake ya biti 16, na kila muunganisho hupata namba yake ndani ya kikao. Amri huhesabiwa kwa mfululizo mmoja wa kikao kizima, ili sanduku lizitekeleze kwa mpangilio hata zikifika kwa kebo tofauti. Majibu, kwa upande wake, huhesabiwa kwa kila muunganisho peke yake, na amri iliyopita kebo ya kwanza lazima data na jibu lake vipite kebo hiyo hiyo. Ndiyo sababu sanduku lenye vidhibiti viwili, yaani bodi mbili zinazoendesha diski, visivyoshiriki daftari hili hutenga kundi kwa kila kidhibiti. Kuyaunganisha malango yao kwa ajili tu ya orodha kupendeza ni kuahidi daftari ambalo halipo.

Sanduku letu lina kidhibiti kimoja, kwa hiyo nilihamisha lango la pili katika kundi la 1, na kebo ya buluu ikaanza kupepesa. Jioni, ofisi ilipotulia, nikaing'oa makusudi. Kikao chote kilianguka, pamoja na muunganisho uliokuwa mzima, kisha kikajengwa upya. Vifaa vyetu vilikuwa vimepatana ngazi 0 ya kujirekebisha, ambayo dawa yake ni kufunga kikao na kuanza kingine. Kuhamishia amri kwenye muunganisho uliobaki kunahitaji ngazi ya 2, na vifaa vinavyoiweza pande zote mbili si vingi.

Kwa hesabu za ofisi mimi nathamini uvumilivu kuliko mwendo, hivyo mwishowe nimeachana na kikao kimoja chenye miunganisho miwili na kufungua vikao viwili, kila kimoja na kebo yake, huku programu ya njia nyingi kwenye seva ikivichanganya kuwa diski moja. Malango nimeyaacha katika kundi la 1. Ila sasa kila kikao kimepewa namba yake ya biti 48, kwa sababu ndani ya kundi moja seva hairuhusiwi kuwa na vikao viwili vyenye namba moja, na cha pili kingekifukuza cha kwanza. Dada mhasibu nimemwonyesha taa zote mbili zikiwaka. Akaniuliza kama kebo ya kijani ya swichi nayo ina kazi.