Kumbukumbu ya mradi wangu: kiatu cha breki chenye mgongo wa feleji

Mradi huu unahusu kiatu cha breki cha behewa la mizigo, yaani kile kipande cha chuma cha kusubu (chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kinachobana uso wa gurudumu pale dereva anapofunga breki. Ninakichora na kukisubu kwa nusu ya kipimo halisi hapa Morogoro, mji ambao karakana yake ya reli imehudumia vichwa na mabehewa ya geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya mita moja kwa miaka mingi. Swali ninalolitafutia jibu ni hili: bati la feleji (steel) linalozikwa mgongoni mwa kiatu linafanya kazi gani hasa, na lishikwe vipi na chuma kilichomiminwa juu yake ili liifanye kazi hiyo mpaka kiatu kinapolika na kutolewa?

Hesabu kabla ya mchoro

Nilianza na joto, kwa sababu kiatu cha breki huzeeshwa na joto kuliko kinavyozeeshwa na nguvu ya kukandamizwa. Nilichukua behewa la tani 60 lenye magurudumu manane, kila gurudumu likiwa na kiatu kimoja. Behewa hilo likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa linabeba nishati ya karibu megajouli 5.8, na likisimamishwa kwa breki zake lenyewe, kila kiatu na gurudumu lake hugawiwa megajouli 0.72. Hilo si jambo la kutisha, kwa kuwa ni joto la muda mfupi ambalo chuma hulimeza na kulitoa taratibu baadaye.

Mteremko mrefu ni habari nyingine. Stesheni ya Timboroa nchini Kenya iko karibu mita 2,740 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko karibu mita 1,850, kwa hiyo behewa hilohilo linaposhuka kati ya stesheni hizo mbili hupoteza nishati ya karibu megajouli 520. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na ukinzani wa kubingirika pamoja na kona za njia, na sehemu nyingine huchukuliwa na breki za kichwa cha treni. Lakini kama ingebaki yote kwa viatu vya behewa, kila kiatu kingepokea joto la kusimama mara tisini mfululizo bila nafasi ya kupoa vya kutosha. Kwa mteremko wa mita 15 katika kila kilomita na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kila gurudumu hupokea karibu kilowati 9.2 kwa muda wote wa kushuka. Kilowati hizo 9.2 ndizo nilizoziweka kuwa msingi wa mchoro wangu.

Msuguano nao una tabia yake, na tabia hiyo ilipimwa zamani. Mwaka 1878 Kapteni Douglas Galton, akishirikiana na George Westinghouse, alifanya majaribio kwenye reli ya London, Brighton and South Coast nchini Uingereza, akaonyesha kwamba uwiano kati ya nguvu ya msuguano na nguvu inayokandamiza kiatu hushuka kadiri mwendo unavyoongezeka: ni karibu 0.33 gurudumu linapokaribia kusimama, na karibu 0.07 tu katika mwendo wa kilomita 97 kwa saa. Kwa mwendo wangu wa kilomita 30 nimetumia 0.2. Hii ina maana kwamba kiatu hukabwa kwa nguvu zaidi wakati wa mwendo mkali ili kupata ukinzani uleule, na treni inapokaribia kusimama kiatu hichohicho hushika ghafla.

Kwa nini kiatu kinapasuka

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu bila kuelewa ufa hakuna namna ya kuelewa feleji iliyoko mgongoni.

Uso unaogusa gurudumu hupata moto huku mgongo ukiwa bado na ubaridi kiasi. Uso hutanuka, mgongo haujatanuka, na kiatu ambacho kilikuwa na mviringo wa gurudumu huanza kunyooka. Nilipiga hesabu kwa kiatu kamili chenye urefu wa milimita 320 na unene wa milimita 60: tofauti ya nyuzijoto 300 kati ya uso na mgongo huinua ncha zake kwa karibu milimita 0.7. Milimita 0.7 zinatosha kabisa kuziondoa ncha zote mbili kwenye gurudumu, na hapo mzigo wote huhamia katikati, katikati huzidi kupata moto, na moto huo huzidi kukinyoosha kiatu. Wakati huohuo chuma cha katikati, kikitaka kutanuka huku kimezuiwa na chuma baridi kilichokizunguka, hubanwa mpaka hukubali kufupika moja kwa moja. Breki zinapofunguliwa na kiatu kikapoa, sehemu ile iliyofupika huvutwa na zile zilizobaki na urefu wao, na chuma cha kusubu, ambacho huvumilia sana kubanwa lakini hakivumilii kuvutwa, huachia. Ufa huzaliwa wakati wa kupoa, ukikatiza upana wa kiatu, kisha hukua kuelekea mgongoni kila mzunguko wa moto na ubaridi unaporudiwa.

Kwa maelezo hayo ni wazi kwamba bati la mgongoni, lililo mbali na uso wenye moto, halina uwezo wa kuzuia ufa usizaliwe. Kazi yake ni kukishika kiatu kilichokwisha kupasuka, ili vipande vyake viendelee kukaa mahali pake na kufanya kazi ya breki. Kiatu kisicho na bati, ufa ukishafika mgongoni, huangusha kipande njiani. Gurudumu hilo hupungukiwa na breki, na kishikio cha kiatu kinaweza kuanza kusugua gurudumu kwa feleji tupu.

Faida nyingine ni ya kimadini. Kuongeza fosforasi katika chuma cha kusubu hupunguza ulikaji na cheche, na ndiyo sababu viatu vya Ulaya vya aina ya P10 vina karibu asilimia 1 ya fosforasi na vile vya P14 vina karibu asilimia 1.4. Lakini fosforasi hiyohiyo hukifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika, na kiatu chenye fosforasi nyingi huhitaji mgongo wa feleji. Nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliwahi hata kuzika vipande vya wavu wa feleji ndani ya chuma chenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani hii: kukubali kwamba chuma kitapasuka, kisha kupanga mapema nini kitakishika.

Ninajua kwamba Ulaya wanaviacha viatu vya kusubu kwa sababu vinakwaruza uso wa gurudumu na kuongeza kelele. Uswisi na Ujerumani zimeyawekea mabehewa yenye kelele masharti makali tangu mwaka 2020. Viatu vya mchanganyiko wa utomvu na nyuzi vinavyochukua nafasi yake hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo joto kubwa zaidi hubaki kwenye gurudumu. Sijaingia huko. Chuma cha kusubu kinaweza kutengenezwa hapahapa kutokana na vyuma chakavu, nami nina hamu ya kukifahamu vizuri kwanza.

Kusubu

Kielelezo, yaani umbo la mbao linaloacha alama yake katika mchanga wa kalibu, nimekichonga kwa mninga, urefu wa milimita 160, upana 40 na unene 30, nikiongeza asilimia 1 kwa ajili ya kusinyaa kwa chuma kinapoganda na kupoa. Malighafi ni ngoma za breki za malori zilizovunjika, kwa kuwa zimetengenezwa kwa chuma cha kijivu chenye vijisahani vya grafaiti, ndugu wa karibu wa chuma cha viatu vya reli. Fosforasi bado sijaitia.

Nimetengeneza migongo ya aina mbili kwa makusudi, ili nizilinganishe. Ya kwanza ni bati laini la milimita 2.5 lililokunjwa ncha zake tu. Ya pili ni bati la unene huohuo lililokatwa ndimi ndogo kwa patasi, kila ulimi ukiinuliwa kwa mshazari kuingia ndani ya chuma kwa milimita 6, ndimi za nusu moja zikielekea kushoto na za nusu nyingine kulia. Nilizipa ndimi mielekeo miwili kwa kuwa chuma kilichomiminwa husinyaa zaidi ya bati, ambalo halikupata moto mwingi kiasi hicho. Chuma kikijivuta kuelekea katikati, kila ulimi hukikamata badala ya kukiacha kiteleze.

Mzee anayeniazima tanuri lake huko Kihonda aliyashika mabati yangu, akayageuzageuza kwenye mwanga, kisha akayarudisha mezani.

"Mwanangu, haya yana kutu. Ukimwaga hivi, kitatapika."

"Nimeyapiga brashi, mzee."

"Brashi haitoshi. Yapige msasa mpaka yang'ae, kisha yachome kwanza."

Tuliyasugua mpaka yakawa meupe, tukayaweka mdomoni mwa tanuri hadi yakapata moto wa kutosha kukausha unyevu wote, ndipo tukayalaza ndani ya kalibu ya mchanga na kufunika. Kutu na unyevu vikikutana na chuma kilichoyeyuka hutoa gesi, na gesi hiyo huacha mashimo palepale ambapo bati na chuma vinapaswa kushikana. Nilipokata kiatu kimoja kwa msumeno na kulainisha sehemu iliyokatwa, niliona ukanda mwembamba wa chuma cheupe na kigumu kandokando ya bati, mahali ambapo feleji ilikipoza chuma haraka mno, na baada ya ukanda huo kijivu cha kawaida hadi usoni. Ukanda huo mgumu uko mbali na gurudumu, kwa hiyo haunitii wasiwasi. Mashimo hayakuwapo.

Mtambo wa majaribio

Gurudumu langu ni sahani ya feleji yenye kipenyo cha milimita 400, inayozungushwa na mota ya kilowati 7.5 kupitia mikanda, karibu mizunguko 400 kwa dakika, ili ukingo wake upate mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kiatu kinakandamizwa kwa mkono wa chuma wenye uwiano wa kumi kwa moja, uliotundikwa uzito.

Nusu ya kipimo ina masharti yake. Ikiwa nataka tofauti ileile ya joto kati ya uso na mgongo katika unene uliopungua nusu, joto linaloingia kwa kila sentimita ya mraba ni lazima liwe maradufu. Na kwa kuwa muda wa joto kusafiri ndani ya chuma hufuata mraba wa unene, dakika 20 za mteremko halisi huwa dakika 5 kwenye mtambo. Kiatu changu kina robo ya eneo la kiatu halisi, kwa hiyo nahitaji kilowati 4.6, yaani msuguano wa nyutoni 550 hivi na nguvu ya kukandamiza ya nyutoni 2,760. Kilo 28 kwenye ncha ya mkono zinatosha.

Utaratibu ni kukandamiza kwa dakika tano, kuachia, kupoza kwa feni hadi kiatu kiweze kushikwa kwa mkono, kisha kukichunguza. Uchunguzi wenyewe ni wa kale na wa gharama ndogo: ninakipaka kiatu mafuta ya taa, nasubiri yanywewe, nafuta mpaka kikauke, halafu napaka unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha hutoka tena na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya weupe wa chaki. Baada ya hapo nakigonga kwa nyundo ndogo. Kiatu kizima hulia, kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa.

Yaliyoonekana mpaka sasa

Viatu vya aina zote mbili vimepasuka, na vyote vimepasuka karibu na katikati, kwa kukatiza upana, kama hesabu ilivyotabiri. Mng'aro wa msuguano nao unasimulia habari ileile: baada ya mzunguko wa kwanza, ukanda wa katikati hung'aa na ncha hubaki na weusi wa mchanga wa kalibu.

Tofauti ilionekana baada ya ufa kufika mgongoni. Kwenye kiatu cha bati laini, chuma kilibanduka kutoka kwenye bati kuanzia ufani kuelekea nje, na hatimaye kipande kizima cha upande mmoja kilitoka mikononi mwangu nilipokuwa nikikifuta. Kwenye kiatu chenye ndimi, nyufa zilikuwa nyingi zaidi lakini fupi na nyembamba, na nilipokipiga kwa nyundo nzito kwa nia ya kukivunja, vipande vilitikisika bila kuachana. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nimekulia karibu na reli hii, na tangu ajali ya Igandu, Dodoma, ya Juni 24, 2002, ambapo treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo na watu 281 wakapoteza maisha, sijawahi kuyatazama mambo ya breki kama mchezo. Sidai kwamba kiatu ndicho kilichokuwa chanzo cha ajali ile. Ninachosema ni kwamba kila sehemu ya breki, hata ile inayobadilishwa mara kwa mara na kutupwa kwenye chakavu, inastahili kufikiriwa kikamilifu.

Ninachokifanyia kazi sasa

Ndimi zimeleta swali jipya, nalo ni la kikomo cha ulikaji. Kiatu kinaruhusiwa kulika mpaka hapo tu ambapo feleji bado haijafika kwenye gurudumu, kwa maana feleji ikisuguana na feleji hung'oa vipande kutoka kwenye uso wa gurudumu, na gurudumu ni ghali kuliko viatu vingi. Bati langu likiwa milimita 2.5 na ndimi zikiingia milimita 6, milimita 8.5 za unene wa 30 haziwezi kutumika. Katika kiatu kamili hiyo ni milimita 17 kati ya 60, kabla sijaweka akiba yoyote ya usalama. Ndimi fupi zingeokoa chuma, lakini sijui zitashika kwa nguvu ipi.

Kwa hiyo mabati yanayofuata yatakuwa na ndimi za milimita 3, nyingi zaidi na zilizosogezwa karibu na katikati, ambako ufa huzaliwa, huku ncha zikibaki na ndimi chache. Pia nimeongeza katika kielelezo mfereji mwembamba unaokatiza katikati ya uso, ili chuma kipate nafasi ya kutanuka pale panapopata moto zaidi. Mchanga wa kalibu umeshachekechwa, na mzee amesema tanuri litawashwa shehena yake ya sufuria za injini ikimalizika.